Alois Alzheimer: Tabibu Aliyeketi na Mgonjwa Wake



Ukurasa huu umezoea maisha ya masahaba, maimamu na maulamaa wa pwani yetu. Safari hii naomba ruhusa ya kumleta mtu ambaye hakuwa Mwislamu, hakufika Afrika Mashariki, na amekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hata hivyo jina lake linatajwa hapa Kampala karibu kila siku, na wengi wanaolitaja hawajui kwamba ni jina la mtu. Jjajja akianza kuuliza swali moja mara tano, au akitoka nyumbani Kawempe kwenda dukani na kupatikana usiku akizunguka Bwaise, mjukuu aliyesoma husema ana Alzheimer. Jirani asiyesoma husema bibi karogwa, au mbaya zaidi, kwamba yeye ndiye mrogaji. Na wengi wetu tuko katikati: tunasema ni uzee tu, kisha hatuulizi zaidi.

Alois Alzheimer aliuliza zaidi. Ndiyo maana nimeona maisha yake yanastahili kurasa chache.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, kando ya mto Main, katika ufalme wa Bavaria. Wakati huo Ujerumani ilikuwa bado haijawa dola moja; hilo lilikuja 1871, yeye akiwa mtoto wa miaka sita. Baba yake, Eduard, alikuwa mwanasheria wa kuthibitisha hati. Mke wa kwanza wa baba alifariki baada ya kujifungua, na baba akamwoa mdogo wa marehemu, Theresia, jambo ambalo kwetu nalo linajulikana sana. Alois ni mtoto wa ndoa hiyo ya pili. Familia ilihamia Aschaffenburg ili watoto wapate shule nzuri, kisha kijana akaenda kusoma udaktari Berlin, Tübingen na Würzburg.

Tusimfanye walii. Alikuwa kijana mwenye umbo kubwa, mcheshi, mpenda sherehe na mchezo wa panga wa vyama vya wanafunzi wa Kijerumani, na mchezo huo ulimwachia kovu shavuni. Alihitimu 1887, na utafiti wake wa mwisho ulihusu tezi zinazotengeneza nta ya masikio. Wenzangu mnaonung'unika kwamba mada mliyopewa na msimamizi ni ndogo, mkumbuke nta ya masikio. Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kukaa na hadubini saa nyingi bila kuchoka.

Desemba 1888 aliajiriwa katika hospitali ya Frankfurt ya wagonjwa wa akili na wa kifafa. Watu wa mji waliliita jengo lile kasri la wendawazimu, na walilisema kwa sauti ileile ambayo sisi hulitaja jina la Butabika tunapotaka kumtukana mtu. Mkuu wa hospitali, Emil Sioli, alikuwa miongoni mwa waganga waliotaka kupunguza kamba, minyororo na vyumba vya kufungia watu. Badala yake wagonjwa waliogeshwa maji ya vuguvugu kwa muda mrefu, wakapewa kazi za bustani, wakatolewa nje kutembea. Kwa leo hayo ni mambo madogo, lakini kwa wakati ule yalihitaji daktari anayeamini kwamba aliye mbele yake bado ni mtu.

Mwaka uliofuata akaja Franz Nissl, bingwa wa kupaka rangi seli za neva ili zionekane chini ya hadubini. Wakawa marafiki wa maisha. Mchana waliwatazama wagonjwa, usiku walitazama vipande vya ubongo wa waliofariki. Katika zama hizo madaktari wa Ulaya walikuwa wamegawanyika: wapo walioona wazimu kuwa jambo la nafsi lisilo na alama yoyote mwilini, na wapo walioshikilia kwamba kila wazimu una mahali pake katika ubongo ila bado hapajaonekana. Alzheimer alikuwa kundi la pili, lakini kwa tahadhari. Hakusema jambo mpaka aone.

Mwaka 1894 alimwoa Cecilie Geisenheimer, mjane wa mfanyabiashara wa almasi. Bibi huyo alikuwa na mali nyingi, na mali hiyo baadaye ilimwezesha mume kufanya utafiti bila kutegemea mshahara. Walipata watoto watatu, Gertrud, Hans na Maria. Furaha haikudumu. Februari 1901 Cecilie alifariki, na mtoto mdogo alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Dada yake Alois, Elisabeth, alihamia kwao kulea watoto. Baba yao akazama kazini.

Mwaka huohuo, tarehe 25 Novemba, aliletwa hospitali mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter, mke wa karani wa reli. (Kwa hesabu za kwetu, wiki hizo mafundi walikuwa wanatandaza vipande vya mwisho vya reli ya Uganda, ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901.) Mume alieleza kwamba mkewe alikuwa mtu wa bidii na mpole. Ghafla alianza wivu, akimtuhumu kuwa na uhusiano na jirani. Kisha kumbukumbu ikaanza kupungua. Akawa anakosea kupika, anaficha vitu ndani ya nyumba na kushindwa kuvipata, anatembea huku na huko bila sababu, anaamini watu wanamsema. Mama huyu hakuwa mzee, na hilo ndilo lililomshtua daktari. Usahaulifu wa miaka 80 ulikuwa unajulikana tangu zamani, na sisi tunaosoma Qur'ani tunakijua vizuri kile kipindi cha umri dhalili ambacho mtu hurudishwa asijue kitu baada ya kuwa na ujuzi. Lakini miaka 51?

Kesho yake Alzheimer aliketi mbele yake na daftari. Alimwuliza jina, akajibu Auguste. Alimwuliza jina la ukoo, akajibu Auguste. Alimwuliza jina la mumewe, akasita, kisha akajibu tena kwamba ni Auguste. Alionyeshwa kalamu, ufunguo, sigara kubwa, na vyote akavitaja sawasawa. Baada ya muda mfupi akaulizwa ameonyeshwa nini, hakukumbuka hata kimoja. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa anakula koliflawa, akaulizwa anakula nini, akasema spinachi. Akaambiwa aandike jina lake. Aliandika neno la kwanza, lile la kumtambulisha kuwa ni bibi fulani, akasimama, kwa sababu lililofuata lilikuwa limemtoka. Ilibidi atajiwe neno moja moja. Na katikati ya hayo alikuwa akieleza, kwa namna yake, kwamba amejipoteza.

Daktari aliandika yote. Si siku moja tu. Alirudi siku zilizofuata na maswali mengine, na wakati mwingine yaleyale. Aliandika swali, akaandika jibu kama lilivyotoka, hata lilipokuwa halina maana.

Mimi si mwanafunzi wa tiba, nasoma taaluma za Kiislamu. Huenda ndiyo sababu sehemu hii ya maisha yake inanigusa kuliko hadubini. Sisi tunafundishwa kwamba mpokezi mwema wa habari ni yule anayefikisha alichosikia bila kuongeza wala kupunguza. Mwanamume huyu, mjane wa miezi tisa, mwenye watoto watatu nyumbani, alikuwa na mgonjwa ambaye maneno yake hakuna aliyeyajali tena, naye aliyapokea kwa uaminifu huo.

Mwaka 1903 aliondoka Frankfurt. Alikuwa ameomba kuwa mkuu wa hospitali, akakataliwa, na Emil Kraepelin, daktari wa akili mwenye jina kubwa kuliko wote Ujerumani, akamwita Heidelberg, kisha wakahamia pamoja München. Huko alisimamia maabara ya kuchunguza ubongo, mwanzoni bila mshahara. Maabara hiyo ikawa kama duara la mwanachuoni mkubwa: watu walikuja kutoka Italia, Hispania na Marekani kukaa mbele yake. Alipita meza hadi meza, akainama juu ya hadubini ya kila mwanafunzi, akaweka sigara yake pembeni, akaeleza kwa kirefu, halafu akaenda meza nyingine na kuwasha sigara mpya. Jioni, wanasimulia, kila meza ilikuwa na kipande cha sigara ya mwalimu. Mtu aliyeipa usahaulifu jina lake alisahau sigara zake.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwapo Mwafrika, na sijui kwa nini hatufundishwi habari zake. Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872. Babu yake alikuwa mtumwa Virginia, akajinunua na kuhamia Liberia. Fuller alivuka kwenda Marekani kusoma, akawa daktari mwaka 1897, na mwaka 1904 akaenda München kufanya kazi chini ya Alzheimer. Aliporudi Marekani aliendelea kuchunguza ubongo wa wagonjwa waliosahau, na mwaka 1912 alichapisha kwa Kiingereza mapitio marefu ya ugonjwa huo pamoja na tafsiri ya maelezo ya mwalimu wake kuhusu Auguste. Kwa hiyo wasomaji wengi wa Kiingereza waliufahamu ugonjwa huu kupitia kalamu ya mtoto wa Afrika. Anahesabiwa kuwa daktari wa kwanza mweusi wa magonjwa ya akili Marekani. Toleo zima lingeweza kuandikwa juu yake, lakini turudi kwa mwalimu.

Akiwa München hakumsahau mgonjwa wake. Aliendelea kuulizia hali yake Frankfurt. Habari zilizidi kuwa mbaya: mama alikuwa hasemi la kueleweka, analala amejikunja, ana vidonda vya kulala muda mrefu. Tarehe 8 Aprili 1906 Auguste Deter alifariki, na Sioli akatuma München faili lake pamoja na ubongo wake.

Hapa ndipo maisha ya daktari na maisha ya mgonjwa yalipokutana mara ya pili. Alzheimer aliukata ubongo vipande vyembamba sana na kuvitia rangi mpya ya chumvi za fedha, iliyobuniwa na Max Bielschowsky miaka michache tu kabla. Aliona ubongo umesinyaa. Aliona seli nyingi za tabaka la juu zimetoweka. Aliona mambo mawili ambayo yameandikwa katika vitabu vyote vya tiba tangu siku hiyo. La kwanza ni mabaka madogo yaliyotawanyika nje ya seli. La pili lilikuwa ndani ya seli zenyewe: nyuzi nene zisizo za kawaida, mwanzoni moja au mbili, kisha zimejikusanya na kujisokota kuwa fundo, na mwisho seli yote imekufa na kutoweka, limebaki fundo peke yake mahali ilipokuwa.

Mabaka yalikuwa yameshaonwa na wengine katika ubongo wa wazee. Fundo ndilo lililokuwa geni. Alzheimer aliongeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye akili kuliko yote aliyoandika. Kwa kuwa nyuzi hizo zilipokea rangi ambazo nyuzi za kawaida hazipokei, alisema lazima maumbile yake ya kikemia yamebadilika. Hakujua ni kitu gani kilichobadilika. Zana za kujua hazikuwapo.

Tarehe 3 Novemba 1906 alisimama Tübingen mbele ya mkutano wa madaktari wa akili wa kusini-magharibi ya Ujerumani, akaeleza habari za Auguste na picha za ubongo wake. Alipomaliza hakuna aliyeuliza swali. Mwenyekiti akaendelea na ratiba. Mwaka 1907 maelezo yake yalichapishwa kwa ufupi, kurasa mbili tatu. Wanafunzi wake, hasa Mwitalia Gaetano Perusini, wakatafuta wagonjwa wengine wa namna hiyo, na mwaka 1910 Kraepelin akaandika katika toleo jipya la kitabu chake kikubwa kwamba kuna ugonjwa wa Alzheimer.

Mwenyewe hakushangilia. Mwaka 1911 aliandika makala ndefu kuhusu mgonjwa mwingine, mwanamume aliyekuwa na mabaka lakini hakuwa na mafundo, na akajiuliza waziwazi kama kweli huu ni ugonjwa wa pekee au ni usahaulifu wa uzeeni uliowahi. Nampenda kwa hilo. Watu wachache wamepewa jina la ugonjwa. Ni wachache zaidi walioendelea kuhoji kama walistahili.

Katika makala hiyohiyo alieleza vidonge vya mviringo alivyoviona ndani ya seli za wagonjwa wa aina nyingine ya kupungukiwa akili, ile iliyoelezwa kwanza na Arnold Pick wa Praha, ambayo huharibu tabia na lugha kabla ya kumbukumbu. Aliona fundo kwa huyu, kidonge kwa yule. Hakuwa na njia ya kujua kwamba vyote viwili vimeumbwa na kitu kimoja.

Mwaka 1912 aliteuliwa profesa wa Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Ndicho cheo alichokuwa akikitafuta miaka mingi. Njiani, ndani ya treni, aliugua maradhi ya koo yaliyoingia moyoni. Hakupona vizuri tena. Vita kuu vilipoanza 1914 kazi iliongezeka na nguvu zikapungua. Alifariki tarehe 19 Desemba 1915, akiwa na miaka 51, umri uleule aliokuwa nao Auguste siku walipokutana. Alizikwa Frankfurt, ubavuni mwa Cecilie.

Lakini fundo lilibaki bila jina kwa miaka themanini hivi baada ya mkutano wa Tübingen, na habari zake hazikamiliki bila hilo.

Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Murray Weingarten, Marc Kirschner na wenzao walikuwa wanachunguza jambo jingine kabisa. Ndani ya kila seli ya neva mna mirija myembamba sana ambayo juu yake husafirishwa chakula na mizigo ya seli, kutoka kwenye kiini hadi ncha za mbali. Waligundua protini inayoisaidia mirija hiyo kujengeka na kusimama imara. Wakaiita tau, kwa herufi ya Kigiriki. Tukitumia kazi ya mume wa Auguste, mirija ni reli, na tau ni yale mataruma yanayozishika zisipinde. Tau si sumu. Mimi ninayeandika na wewe unayesoma tunayo.

Miaka kumi baadaye maabara kadhaa, kila moja kwa njia yake, zikakuta kwamba fundo la Alzheimer limetengenezwa kwa tau. Mwaka 1986 Inge Grundke-Iqbal, mumewe Khalid Iqbal na wenzao huko New York walionyesha kwamba tau ya kwenye mafundo imebebeshwa fosfeti kupita kiasi. Kila tau hubeba fosfeti kidogo. Hivyo ndivyo seli inavyoiambia ishike au iachie. Ikizidishiwa, huachia mrija, huelea ndani ya seli, hushikana na nyingine, hujisokota. Reli inapinda, mizigo haifiki, seli inakufa. Yale mabadiliko ya kikemia aliyoyakisia Alzheimer kwa kutazama rangi yakawa yamepatikana.

Mabaka nayo yalijulikana ni protini nyingine, amiloidi, na wataalamu wamebishana miongo kadhaa ni ipi inayoanza. Sitaki kuingia humo. Nitasema tu kwamba usahaulifu wa mgonjwa huenda sambamba na kuenea kwa mafundo kuliko na wingi wa mabaka, na kwamba mwaka 1998 zilipatikana familia ambazo kosa katika jeni ya tau peke yake, bila amiloidi, linatosha kuharibu ubongo. Vile vidonge vya wagonjwa wa Pick pia ni tau. Mabondia waliopigwa vichwa miaka mingi wakaishia kupepesuka na kusahau, ambao Wamarekani walianza kuwaandika mwaka 1928, ubongo wao una tau vilevile. Vijana wetu wanaojifua katika gimu za ngumi za Kampala wanastahili kulijua hili. Dawa ya kuondoa mafundo bado haijapatikana.

Jambo lililonifanya nimchague mtu huyu, badala ya daktari mwingine yeyote, liko hapa Uganda. Kwa miaka mingi watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo wamekuwa wakiugua ugonjwa ambao Waacholi huuita luc luc. Mtoto mzima, wa miaka mitano au kumi, anaanza kuinamisha kichwa mara kwa mara kama anayesinzia, hasa akiona chakula. Baadaye huja kifafa kamili, akili inadumaa, mwili unakonda, wengine huanguka motoni au mtoni na kufa. Tanzania ugonjwa kama huo ulionekana Mahenge tangu miaka ya 1960, na daktari Louise Jilek-Aall aliuandika. Sudan Kusini nako upo. Kaskazini mwa Uganda ulienea baada ya vita, watu wakiwa wametoka makambini, na wengi waliamini ni roho za waliouawa bila kuzikwa zinazodai haki. Baadhi ya wazazi walipokwenda shamba walimfunga mtoto kwa kamba mtini ili asipotee au asiangukie moto. Tusiwahukumu. Hospitali ya Frankfurt, kabla ya watu kama Sioli, nayo ilitumia kamba.

Mwaka 2018 Michael Pollanen wa Toronto pamoja na madaktari wa Uganda walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa vijana watano waliofariki kwa ugonjwa huo. Katika seli zao walikuta mafundo ya tau. Ni kitu kilekile alichokiona Alzheimer katika ubongo wa mama wa miaka 51, ila sasa katika ubongo wa watoto wa Waacholi, na bila yale mabaka ya amiloidi. Wengine wamepinga kwamba tau ndiyo chanzo. Wanasema huenda mafundo ni matokeo ya kifafa cha miaka mingi, na wanaelekeza kidole kwa minyoo ya usubi, kwa kuwa ugonjwa umeshamiri kando ya mito yenye nzi hao. Mjadala haujafungwa. Dawa za kifafa zimewapunguzia wengi mishtuko, na kupambana na usubi kunaendelea. Lakini tangu siku hiyo hakuna tena anayeweza kusema kwa elimu kwamba vichwa vile havina kitu ndani isipokuwa roho za watu.

Na hapa linaingia swali ambalo ni la fani yetu. Ili ijulikane hivyo, wazazi wa vijana watano walikubali vichwa vya watoto wao vifunguliwe baada ya kufa. Sisi tumefundishwa kwamba heshima ya maiti ni kama ya aliye hai, na hilo halina ubishi. Baraza nyingi za wanazuoni wa zama zetu zimeruhusu uchunguzi wa maiti pale penye dharura ya sheria au maslahi ya tiba, kwa masharti: idhini ipatikane, kisizidishwe kinachohitajika, na mwili uzikwe kwa heshima. Ninavyoona mimi, sharti lililo gumu zaidi kulitimiza si la kisu. Ni lile la kabla yake, la mtu kuwa amesikilizwa alipokuwa hai. Auguste alipatiwa hilo. Sina hakika kila mzee wetu anayefungiwa chumba cha uani analipata, na nasema hivyo nikiwajua Waislamu wenzetu wanaofanya hivyo huku wakisifiwa msikitini kwa kumtunza mama.

Faili la Auguste Deter lilipotea. Kwa miongo kadhaa watu walitilia shaka kama Alzheimer alikuwa amemwona mgonjwa wa ugonjwa huo kweli au alichanganya na maradhi mengine ya mishipa. Desemba 1995 daktari Konrad Maurer na wenzake walilikuta katika ghala la nyaraka Frankfurt, jalada la buluu lenye karatasi 32. Miaka michache baadaye vioo vya vipande vya ubongo wake vilipatikana München, na vilipotazamwa upya mafundo yalikuwa bado yanaonekana, kama alivyoyachora. Ndani ya jalada mlikuwa na maswali na majibu kwa mwandiko wa daktari, picha ya mama ameketi kitandani na nywele ndefu, na karatasi ambazo juu yake alijaribu, kwa mkono wake, kuandika jina lake.